Kilwa Bila Kurudi na Nusu Safari: Mwongozo Kamili wa Kisiwani, Songo Mnara na Kivinje

Wengi wanaokwenda Kilwa, pwani ya kusini ya Tanzania, kutazama magofu ya kale hurudi na picha zilezile: ngome iitwayo Gereza, nguzo za Msikiti Mkuu, na wao wenyewe ndani ya mashua wakicheka. Ukiwauliza habari za Husuni Kubwa, jumba la sultani, wanasema hawakufika, jua lilikuwa kali na nahodha alikuwa anawahimiza. Ukiwauliza kisiwa jirani cha Songo Mnara, maji yalikuwa yamepwa. Wengine hata bahari hawakuvuka, maana walifika mwisho wa juma bila kibali na ofisi imefungwa.

Makosa haya yana mzizi mmoja. Watu huipangia Kilwa safari ya barabara, wakati Kilwa ni safari ya bahari. Basi na nyumba ya wageni ni vitu vyepesi. Vigumu ni viwili, kibali na maji, na vyote viwili vinataka kupangwa kabla hujatoka nyumbani.

Historia ya usultani wa Kilwa sitaisimulia hapa. Mwongoza wageni ataisimulia vizuri zaidi ukiwa umesimama mahali penyewe. Huu ni mpango wa kukufikisha hapo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kitambulisho. Cha taifa au pasipoti. Viwango vya kiingilio vya raia na vya wageni havilingani, na bila kitambulisho huna cha kuthibitisha wewe ni nani. Kundi la wanafunzi libebe barua ya shule yenye mhuri.
- Pesa taslimu za noti ndogondogo. Kiingilio cha serikali hulipwa kwa namba ya malipo, lakini nahodha, bodaboda na mama wa madafu wanataka pesa mkononi. Kisiwani usitegemee kupata chenji.
- Viatu vya aina mbili. Vya plastiki vya kushukia majini (yeboyebo zinatosha kabisa), na raba za kutembelea kwenye mawe. Kandambili hukatika, na mawe ya matumbawe yana ncha kali.
- Maji ya kunywa, angalau lita 2 kwa kila mtu, pamoja na kofia au mtandio.
- Nguo za stara. Kisiwani ni kijiji cha Waislamu chenye watu wake, na utapita katikati ya nyumba zao. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Kanga moja ya ziada kwenye mkoba itakufaa kujifunika, kujifuta na kukalia.
- Mfuko wa plastiki mgumu wa simu na karatasi. Mashua hurusha maji.
- Kalenda inayoonyesha tarehe za mwezi mwandamo. Hii ndiyo watu huisahau, na ndiyo ya maana kuliko zote. Sababu utaiona kwenye hatua ya 2.

## Hatua ya 1: Jua ni Kilwa ipi

Kuna Kilwa tatu, na kila moja ina kazi yake kwa msafiri.

Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya. Ofisi, benki, nyumba za wageni na bandari viko hapa. Ndipo utakapolala.

Kilwa Kisiwani ndicho kisiwa chenye magofu, ng'ambo tu ya Masoko. Ukiwa bandarini unakiona kwa macho.

Kilwa Kivinje ni mji mkongwe wa karne ya 19, uko bara, kaskazini ya Masoko. Una majengo ya kale, lakini si ule mji wa masultani. Kila mwaka wako watu wanaoshuka Kivinje na kuulizia mashua ya kwenda kwenye magofu.

Songo Mnara ni kisiwa kingine, kusini ya Kisiwani. Magofu ya visiwa hivi viwili yaliingizwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, ndiyo maana watu hudhani vimeshikana. Havikushikana. Kuvuka kwenda Kisiwani ni mwendo mfupi, ila Songo Mnara ni safari ya siku nzima.

Ukiweza kumweleza mwenzako kwa nini unalala Masoko na si Kivinje, hatua hii imekwisha.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa kutazama mwezi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi huharibikia.

Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana.

Kitu kinachomfaa msafiri ni hiki: katika pwani hii, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hujaa karibu na saa nne asubuhi na kupwa karibu na saa kumi alasiri.

Sasa fikiria mtu anayekwenda Songo Mnara mwezi mpevu. Anaondoka Masoko asubuhi, anafika saa nne, na saa nne ndiyo maji yametoka yote. Mashua inakwama mbali, mbele yake kuna tope na mikoko. Ama anatembea kwenye tope mpaka magotini, ama anageuza. Mwezi ni mzuri kwa picha za usiku, lakini kwa safari hii ni adui.

Kwa hiyo:

- Kwa Songo Mnara, chagua siku za maji mafu, yaani tarehe 7 hadi 9 au 22 hadi 24 za mwezi mwandamo. Utafika maji yakiwa yamejaa, na hata yakianza kutoka hayatakimbia mbali.
- Kwa Kisiwani, siku yoyote inafaa, kwa sababu mkondo kati yake na Masoko una kina. Siku ya bamvua jiandae tu kulowa miguu unaposhuka.

Kama siku yenye maji mazuri ni moja tu, ipe Songo Mnara, na Kisiwani ichukue iliyobaki.

Onyo: hesabu hii ni ya kupangia safari ukiwa nyumbani. Saa yenyewe ya kuondoka mwulize nahodha jioni ya kuamkia safari. Yeye anaijua bahari ya mlangoni kwake kuliko kalenda yoyote.

Kuhusu msimu, Machi hadi Mei ni masika. Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika ndani ya Wilaya ya Kilwa na magari yakakwama pande zote mbili. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, hasa mchana. Ningechagua demani, Septemba hadi Novemba, upepo ukiwa umetulia na njia kavu.

## Hatua ya 3: Anzia makumbusho

Hatua hii watu huiruka wakiona ni anasa. Magofu ni kuta. Vitu vilivyokuwa ndani ya kuta hizo, kama vyombo, shanga na sarafu, vilichimbuliwa na kuhifadhiwa kwingine. Ukienda moja kwa moja kisiwani utaona nyumba tupu na utachoka mapema.

Kama unapitia Dar es Salaam, tenga saa mbili uingie Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Usijaribu kumaliza jengo lote. Nenda sehemu ya pwani na Kilwa, tazama vyombo vyenye rangi ya kung'aa vilivyoletwa kutoka Uchina na nchi za Kiarabu, kisha tazama sarafu ndogo za shaba. Ukisimama baadaye kwenye ghala la Husuni Kubwa utajua ghala hilo lilijazwa nini.

## Hatua ya 4: Panda gari sahihi

Kutoka Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 300, lami. Mabasi ya kusini huanzia upande wa Mbagala Rangi Tatu. Panda la alfajiri.

Hakikisha tiketi imeandikwa Kilwa Masoko. Mabasi ya Lindi na Mtwara hayaingii Masoko, yanakushusha njia panda ya Nangurukuru. Si balaa, kuna magari madogo na bodaboda za kukumalizia safari, lakini ukiwa na mizigo na watoto utajuta.

Panga ufike siku ya kazi, kabla ya saa nane mchana. Ukifika ofisi imefungwa, siku inayofuata nayo imekwishapungua.

## Hatua ya 5: Kibali kwanza, mashua baadaye

Hakuna kuvuka kwenda kwenye magofu bila kibali. Kinatolewa palepale Masoko. Eneo sasa linasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Wenyeji wengi bado wanaiita ofisi ya Mambo ya Kale, kwa hiyo ukiuliza njia taja majina yote mawili.

Utaratibu ni mfupi:

1. Toa kitambulisho, sema idadi ya watu na ni visiwa vipi. Taja Songo Mnara wazi. Usidhani kibali cha Kisiwani kinatosha kwa vyote viwili.
2. Utapewa namba ya malipo yenye tarakimu 12. Lipa kwa simu au benki.
3. Pokea stakabadhi na kibali. Piga picha ya karatasi zote mbili, kisha zitie kwenye ule mfuko mgumu.
4. Omba mwongoza wageni anayetambuliwa na ofisi. Uliza hapohapo malipo yake yamo kwenye ulicholipa au ni ya pembeni.

Kijana anaweza kukufuata stendi akisema atakupeleka "bila longolongo za ofisi". Mkatalie kwa upole. Mlinzi wa kisiwani ataomba karatasi, na anayerudishwa ni wewe.

Mambo yamekwenda sawa kama, jua halijatua, una stakabadhi yenye idadi sahihi ya watu, na mwongozaji wako ameshakupa namba yake na saa ya kukutana.

## Hatua ya 6: Patana na nahodha jioni

Mwombe mwongozaji akupeleke bandarini jioni hiyohiyo. Asubuhi kila mtu ana haraka, na bei ya haraka ni mbaya.

Salimia kwanza. Nahodha mtu mzima mpe shikamoo yake, mwulize hali ya bahari, ndipo uingie kwenye bei. Ukianza na "shilingi ngapi?" utajibiwa, lakini utajibiwa kama mgeni.

Mambo ya kukubaliana kwa maneno ya wazi:

- Ni tanga au mashine? Kisiwani, tanga linatosha na linapendeza. Songo Mnara, chukua mashine; upepo ukikukataa mchana utalala huko.
- Bei ni ya chombo kizima au ya kichwa? Kwenda tu, au kwenda na kurudi?
- Atakungoja kwa muda wa saa ngapi? Hapa ndipo mzozo unapozaliwa. Sema: "Nahodha, nataka muda wa saa tano kisiwani, Husuni Kubwa nitafika." Asikie jina la mahali, ajue siyo safari ya kupiga picha na kurudi.
- Jaketi za kujiokolea ziko ngapi? Uzione kwa macho. Kama hazitoshi watu wote, tafuta chombo kingine, hata kama huyu ni mcheshi namna gani.

Toa nusu ya pesa kabla, nusu mkirudi. Nahodha aliyekwisha lipwa yote hana sababu ya kuvumilia jua lako.

## Hatua ya 7: Kisiwani, anza na la mbali

Mashua nyingi hushusha watu karibu na Gereza, na kwa kawaida ziara huanzia hapo, ikafuata Msikiti Mkuu, kisha msikiti mdogo wa makuba. Ikifika saa sita jua linachoma, Husuni Kubwa iko zaidi ya kilomita moja upande wa mashariki, na kila mtu anasema basi, inatosha.

Geuza mpangilio. Ondoka Masoko saa moja asubuhi, ukishuka mwambie mwongozaji mwende Husuni Kubwa kwanza kungali baridi. Pitieni kijijini, msalimie watu.

Husuni Kubwa. Jumba hili la mapema karne ya 14 lilijengwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, juu ya jabali linalotazama bahari. Lina vyumba zaidi ya 100. Usizunguke ovyo. Tafuta vitu vitatu: bwawa la pembe nane, ua mkubwa wenye maghala upande wa kusini, na ngazi zinazoteremka kuelekea pwani. Simama juu ya ngazi hizo utazame mlango wa bandari. Kila chombo kilichoingia kilionekana kutoka hapo, na ukishaona hivyo huhitaji mtu akueleze kwa nini jumba halikujengwa katikati ya mji. Husuni Ndogo iko jirani. Dakika 15 zinaitosha.

Msikiti Mkuu. Rudini magharibi. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 na 12. Sehemu kubwa ya kusini yenye makuba ni upanuzi wa karne ya 14, wa Sultani huyohuyo wa Husuni, na ulifanyiwa matengenezo makubwa baadaye. Tembea kutoka kaskazini kwenda kusini polepole utazame nguzo na dari zinavyobadilika. Ukipotea mahali popote katika magofu haya, tafuta mihirabu, kile kidaka cha ukutani kinachoonyesha upande wa Makka. Makka iko karibu kaskazini tupu ya Kilwa, kwa hiyo kila kibla hapa ni dira.

Msikiti mdogo wa makuba, wa karne ya 15, uko hatua chache kusini-magharibi. Inua kichwa, kwani uzuri wote uko juu.

Makutani, jumba la karne ya 18, lina kuta ndefu na kivuli kizuri. Mahali pazuri pa kunywa maji.

Gereza liwe la mwisho, kwa kuwa liko karibu na mashua. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505 wakaiacha baada ya miaka michache. Mnayoiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, karibu mwaka 1800, yenye minara miwili ya mviringo kwenye pembe zinazokabiliana. Tazama upande wa bahari mawimbi yalivyoula ukuta. Kuharibika kwa namna hiyo ni miongoni mwa sababu zilizoyaweka magofu haya kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo 2014.

Maonyo ya kisiwani:

Usipande kuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa. Yanasimama kwa karne nyingi, kisha yanaanguka siku moja kwa sababu ya mtu mmoja anayetaka picha.

Usiokote kigae wala ushanga, hata kama viko vingi mchangani. Na watoto wakikuletea sarafu za kale, usinunue. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu hivi, na ukinunua kimoja leo, kesho watoto watachimba zaidi.

Angalia visima. Vingine viko wazi na vimezungukwa na nyasi. Watoto washikwe mkono.

Makaburi ni makaburi. Usiketi juu yake. Kabla ya kumpiga picha mtu, mwombe.

Umefaulu kama unarudi kwenye mashua ukiwa umeona Husuni, na bado unaweza kuonyesha kwa kidole sehemu kongwe ya Msikiti Mkuu na ile iliyoongezwa.

## Hatua ya 8: Songo Mnara

Ukiwa umechagua tarehe sawasawa, kilichobaki ni kuwahi. Ondokeni mapema ili mfike maji yakiwa yanamalizia kujaa. Vaeni yeboyebo tangu bandarini, maana mtashuka majini, na baadaye kuna kutembea kupita mikoko.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kisiwani, majengo makubwa ndiyo yaliyobaki zaidi. Songo Mnara unaona mji: nyumba kwa nyumba, vyumba vya ndani, vidaka ukutani, misikiti, makaburi, na ukuta uliozunguka. Watu waliishi humo kati ya karne ya 14 na ya 16, na baada yao haukujengwa mji mwingine juu yake. Ingia nyumba moja, kaa humo dakika kumi. Tafuta mlango wa mbele, baraza, chumba cha ndani kabisa. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja ataanza kuutambua mpangilio bila kuambiwa.

Chakula na maji yote yatoke Masoko. Saa ya kuondoka ataitaja nahodha, na akisema twende, twende. Magofu yatakungoja, maji hayangoji.

## Hatua ya 9: Kivinje wakati wa kuondoka

Usiifanyie siku nzima. Siku ya kurudi, ondoka Masoko asubuhi, shuka Kivinje, tembea saa mbili tatu, kisha endelea hadi Nangurukuru ukakamate basi la Dar es Salaam. Kiti weka nafasi jana yake, ukimweleza wakala kwamba utapandia njia panda.

Pwani kuna boma la Wajerumani na nyumba za zamani zenye milango ya kuchonga, nyingi zikiwa hoi. Usiingie ndani bila mwenyeji. Sakafu za juu haziaminiki. Kisha uliza Mwembe Kinyonga. Hapo ndipo Wajerumani walipowanyonga watu waliowapinga, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, na baadaye wapiganaji wa Maji Maji. Kuna mnara wa kumbukumbu. Mzee yeyote wa mtaani atakuonyesha, na wengi wao wana la kusimulia kuhusu babu zao, mradi usiwe na haraka na usianze kwa kuwaelekezea simu.